Chura Aliyefunzwa Wimbo wa Bibi Harusi

Paukwa.

Pakawa.

Nimekuja na uongo.

Ulete. Ukweli tunao nyumbani, na umetuchosha.

Ni mdogo, tena una mbawa.

Basi utue, lakini usitue sikioni.

Hapo zamani, chura alipokuwa bado hajui kuimba, palikuwa na bonde la mpunga liitwalo Mtopeni. Katikati ya bonde ilipita njia ya mchanga mweupe, na juu ya njia hiyo ng'ombe wa Bi Kidawa aliacha bonge la mavi. Ng'ombe mwenyewe alikwenda zake akasahau. Ukoo wa mbu wa Mtopeni haukusahau. Mbu hao hawafungi ndoa popote tu. Lazima chini pawe na kitu cheusi, na juu ya kitu hicho wanaume wacheze ngoma jua linapozama, mpaka giza lifunge. Wanaume hupanda na kushuka, wanapanda na kushuka, na bibi harusi huingia katikati yao akiimba kwa mbawa. Bonge lile lilikuwa jeusi, la mviringo, limetulia mahali pake. Wakasema, hapa ndipo.

Shida ni kwamba Chura naye alisema, hapa ndipo.

Chura alikuwa mkubwa kama kiatu cha mkulima, na tumbo lilimtangulia kila alikokwenda. Kila jioni alikuja akakaa kando ya bonge, akatazama juu. Wanaume wakacheza. Juu, chini, juu, chini, nziii. Ulimi ukatoka. Nyap. Bwana harusi mmoja hayupo. Juu, chini, juu, chini, nziii. Nyap. Wa pili hayupo. Hakuwa mwovu, tuseme kweli. Alikuwa na njaa, na njaa haina kumbukumbu: ukiishibisha jana, leo inaamka kama mgeni. Lakini alikula mpaka akalala ubavu, na akiwa amelala ubavu akaendelea kula.

Katika ukoo huo alikuwamo msichana jina lake Mize, aliyezaliwa ndani ya wayo wa ng'ombe uliojaa maji ya mvua. Mize alikuwa na umri wa siku tano, umri wa kuolewa, na alikuwa amechoka. Jioni ya kwanza aliingia ngomani akaimba, akajibiwa na kijana mwenye sauti kama asali. Nyap. Jioni ya pili akajibiwa na mwingine, mrefu wa miguu. Nyap. Jioni ya tatu alijibiwa na mtu wa kawaida tu, si mzuri si mbaya, akasema moyoni, huyu atafaa. Nyap.

"Sisi wanawake tunaolewa mara moja," alimwambia somo wake asubuhi iliyofuata. "Mara moja tu, maisha yetu yote. Na mimi hata hiyo moja naikosa, kwa sababu ya mavi."

Somo wake, yaani mwanamke wa kumfunza mambo ya ndoa, aliitwa Bi Mashavu. Alikuwa ajuza wa wiki tatu, na hapakuwa na mbu hai aliyeikumbuka siku aliyozaliwa.

"Sema nao wahamishe ngoma," alisema Bi Mashavu.

"Nimesema nao, somo."

"Sema nao tena. Mwanamume haambiwi mara moja."

Basi Mize akaenda kusema nao tena. Lakini ngoja niwaeleze alikuwa akisema na watu gani. Mbu wa kiume husikia kwa vipapasio vyake, vile viwili vya kichwani vyenye manyoya mengi kama ufagio. Mchana kutwa manyoya hayo ameyalaza, hasikii neno. Jua likielekea kuzama anayasimamisha, anayachambua, anayatengeneza, na hapo anasikia vizuri sana, ila anasikia kitu kimoja tu, nacho ni mbawa za mwanamke. Ukimwambia jambo lingine linapita.

Mize alimkuta Faki, mwenye ngoma, ananing'inia chini ya jani la mpunga, mdomo umelowa utamu wa maua. Maana wanaume hao hawanywi damu. Hawana hata meno ya kumuudhi mtu.

"Kaka Faki," alisema Mize, "kisimani Bi Kidawa ameacha sufuria lake kifudifudi. Jeusi tititi kwa masizi. Hakuna Chura pale, hakuna mtu. Hamishia ngoma huko."

Faki alimtazama kwa upole. "Asante, dada. Nimekwisha kula."

"Sikukukaribisha kula."

"Na wewe pia," alisema Faki, akafumba macho.

Jioni Mize alirudi, manyoya ya Faki yamesimama kama majani baada ya mvua.

"Kaka Faki, hameni hapa. Chura yuko chini anawatazama."

"Mbawa yako ya kushoto," alisema Faki, "ina mlio mzuri. Ongeza kidogo."

"Yuko chini yako. Anafungua kinywa."

"Hapo hapo. Usibadilishe."

Nyap, akaliwa aliyekuwa kando yake. Faki akasogea kidogo, akaendelea. Juu, chini, juu, chini, nziii.

Ngoma ilipokwisha, na kabla manyoya hayajalala, upo muda mdogo, mfupi kuliko kupiga chafya, ambao mwanamume wa kimbu husikia maneno. Mize aliubana muda huo kwa miguu sita.

"Kaka Faki, kwa nini hamhami?"

"Kuhama?" Faki alishangaa. "Hapa ndipo walipocheza babu zetu."

"Babu zenu walicheza hapa Jumanne."

"Si ndivyo ninavyosema? Tangu Jumanne."

"Na Jumanne hiyo hiyo wakaliwa."

"Waliliwa wakicheza," alisema Faki kwa heshima kubwa. "Mwanamume anataka nini zaidi?" Na manyoya yakalala, mazungumzo yakaisha.

Mize akarudi kwa Bi Mashavu, akatua juu ya bua.

"Mchana ni viziwi," alisema. "Jioni ni viziwi wa namna nyingine. Walikuwa arubaini. Leo nimewahesabu, wamebaki kumi na tisa. Kesho kutwa tutaolewa na nani, na panzi?"

Bi Mashavu alifuta mdomo wake. "Mwanangu, asiyehamika mwache alipo. Tazama jirani yake kama anahamika."

"Chura? Chura ana masikio gani?"

"Ana tumbo. Wewe sema na tumbo."

Siku ya pili, jua likiwa katikati, Mize alikwenda mpaka shimo la Chura chini ya tuta la shamba. Chura alikuwa amelala, macho nusu. Mize hakutua mbele yake. Alizunguka kwa nyuma, polepole, akatua juu ya kichwa chake, pale katikati ya macho mawili. Ulimi wa chura hufika mbali, lakini haujapata kufika utosini kwake mwenyewe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi Mize, mjukuu wako."

"Njoo mbele nikuone, mjukuu wangu."

"Adabu hainiruhusu, babu. Mtoto hasimami mbele ya mkubwa aliyepumzika."

Chura alifikiri, akaona ni maneno ya mtu aliyelelewa vizuri. "Unataka nini?"

"Nimekuja kukupa pole. Kila jioni nakutazama. Mtu mzima, mwenye tumbo lake, unarukaruka kama kijana wa mtaani, unashika mmoja, wanakupita watatu. Mimi nimechoka kukutazama. Wewe hujachoka?"

"Nimechoka," alisema Chura, na hakuwa ameligundua jambo hilo mpaka alipoulizwa.

"Basi wale wanaume hawafuati mtu, wanafuata wimbo wa bibi harusi. Wakiusikia, wanakwenda wenyewe ulikotoka. Ungeuimba wewe, babu, wangeingia kinywani mwako kama watu wanaoingia karamuni, na mikono wamenawa."

Tumbo la Chura likasema nguru. Lakini Chura hakuwa mjinga kiasi hicho. "Na wewe unapata nini? Si jamaa zako hao?"

Mize alikusudia kutunga uongo wa pili, akaona hauhitaji. "Babu," alisema, "wamenikera. Nasema hawasikii. Nasema tena hawasikii. Nawaonyesha sufuria zuri, jeusi, safi, mtu ananijibu amekula. Nimechoka nao kwenye kila kiungo cha mguu, na nina miguu sita."

Chura aliposikia sauti hiyo aliamini. Alikuwa na ndugu zake mwenyewe. Uongo ukiubebesha kipande cha kweli, huhitaji kuusukuma, unatembea.

Akaanza kufunzwa. Akafungua kinywa: "Hoo."

"Huo ni upepo, babu. Fumba mdomo. Jaza koo hewa, lijae kama kibofu. Sasa isukume hewa ndani kwa ndani."

"Kroo."

"Hivyo. Nyembamba zaidi."

"Kroo-o."

"Usifungue mdomo, babu, sauti yote inamwagika. Bibi harusi huimba amefumba."

"Sasa nikifumba nitakulaje?"

"Utafumbua watakapofika. Wewe ita wageni kwanza, chakula hakikimbii."

Chura akaridhika. Alifanya mazoezi mchana wote, kroo, kroo, mpaka kaa wa matopeni wakahama.

Jioni ikaingia. Jua likagusa ukingo wa bonde. Wanaume kumi na tisa wakasimamisha manyoya yao, wakaja juu ya bonge. Juu, chini, juu, chini, nziii. Chura akakaa mahali pake, na Mize akakaa utosini mwa Chura.

"Anza, babu."

"Kroo," aliimba Chura.

Kule juu Faki akageuza kichwa. "Yuko bibi harusi huko chini ana mafua," alisema, akaendelea kucheza.

"Wamegeuka," alisema Mize. "Umewaona? Pandisha kidogo."

"Kroo-o." Chura akamwona mwanamume mmoja ameshuka chini kabisa, akasahau wimbo, akafungua kinywa. Wimbo ukakatika. Yule mwanamume akapanda.

"Umekatiza, babu. Alikuwa anakuja."

"Nilimwona."

"Kwa hiyo ukanyamaza. Mtu anakuja harusini, anakuta ngoma imezimwa, ataingia? Fumba, anza upya."

"Kroo."

"Juu zaidi."

"Kroo-o-o."

"Sasa chini kidogo. Umepitiliza. Rudi."

Juu yao dada zake Mize wakaanza kuingia ngomani. Aliingia wa kwanza akaimba, mwanamume akamjibu, na hakuna ulimi uliotoka. Wakashikana, wakaanguka pamoja kutoka kwenye wingu la wachezaji, wakaachana karibu na majani, imekwisha. Wakaingia wawili. Wakaingia wanne. Ndoa za Mtopeni zilifungwa nyingi jioni ile moja kuliko siku zote tangu Jumanne.

Na Mize alikuwa wapi? Alikuwa juu ya kichwa cha Chura.

Hilo hakulipigia hesabu. Kila alipotaka kuruka, Chura alianza kufungua kinywa, na ilimlazimu akae amwambie, fumba, babu. Rangi ya mbingu ilikuwa ya chungwa, ikawa ya zambarau. Ngoma ya mbu haizidi muda wa kupika chai. Wanaume waliokwisha kuoa walianza kutawanyika, wameridhika, manyoya yanalala. Kumi na tisa wakabaki tisa. Tisa wakabaki wanne. Mize alimfunza Chura uimbaji, akawaoza dada zake wote, na yeye mwenyewe amekaa juu ya ngozi yenye mabaka akisema kwa mara ya thelathini:

"Fumba, babu."

"Mbona hawaji?"

"Hujafikia sauti."

"Nimeimba mpaka koo limelegea."

"Basi imba na ulegevu huo huo, labda ndio unaotakiwa." Na hapa Mize alikuwa hatungi tena, alikuwa anagombana.

Chura akakasirika kidogo, akajaza koo kwa nguvu zake zote, likatoka kama embe bivu. "Kroooo!" Maji ya mpunga yakatetemeka. Sauti ile ikavuka tuta, ikavuka kisima, ikafika bwawani.

Kisha, po, po, po, kitu kizito kikaja kwenye matope.

Alikuwa Bi Chura wa bwawani, mkubwa mara mbili ya Chura, na nyuma yake dada zake wawili.

"Nimekusikia ukiniita," alisema Bi Chura.

"Sikukuita," alisema Chura.

"Bwana, bonde zima limesikia. Wengine tulikuwa tunaoga."

"Nilikuwa naita chakula."

Bi Chura akawageukia dada zake. "Anaita chakula," alisema. "Wote ndivyo wanavyoanza."

"Mimi sina habari ya ndoa, nina njaa tu."

"Huko bwawani tutakulisha. Umeimba toka mchana, huoni haya kuwaita wanawake mchana kutwa na jioni ukawakana?"

"Muulize huyu mjukuu wangu," alisema Chura. "Mize, waambie."

Lakini utosini mwake hapakuwa na mtu.

Mize alikuwa amekwisha kuruka. Juu ya bonge hapakuwa na ngoma tena. Palibaki mwanamume mmoja tu, Shaame, mwenye miguu mitano, maana wa sita uliingia kinywani mwa Chura Jumatano na yeye akabaki nje. Alikuwa akicheza peke yake, juu, chini, juu, chini, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa watu wamekwenda. Na kama angeambiwa asingesikia.

Mize akaimba. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kugombana jioni nzima, ikatoka chini kuliko kawaida. Shaame akajibu, yake ikiwa juu mno. Mize akapandisha. Shaame akashusha. Mize akasema moyoni, huyu naye nitamwambia mara thelathini. Lakini Shaame akashusha tena kidogo, bila kuambiwa, na mahali fulani kati ya zambarau na giza sauti mbili zikakutana, zikawa moja. Mara ya kwanza katika siku zake zote Mize alisema jambo na mwanamume akalisikia.

Wakashikana. Kabla hujamaliza kutamka bismillahi, ndoa ilikuwa imefungwa, na giza nalo likafunga.

Walitua kwenye jani moja. Manyoya ya Shaame yalianza kulala. Mize aliuwahi ule muda mfupi.

"Shaame, kesho chezeni kwenye sufuria."

Shaame akamtazama kwa mapenzi. "Hapa ndipo alipocheza Faki," alisema.

Mize akaruka, akarudi kwenye bua la Bi Mashavu.

Chura alikwenda bwawani jioni ile, mbele yake wanawake na nyuma yake wanawake, na hakurudi kwenye bonge. Si kwamba alizuiwa. Alikuwa na watoto elfu tatu wenye mikia. Lakini moyoni bado anaamini kwamba alikuwa amekaribia, kwamba alibakisha kidogo tu kuipata sauti. Ndiyo maana mvua ikinyesha, jua likizama, mnamsikia amefumba mdomo na kujaza koo, anatafuta. Kroo. Juu kidogo. Kroo-o. Na kila akiimba, mbu hawaji, anakuja mke mwingine.

Bi Mashavu alimkuta Mize juu ya bua lake.

"Umeolewa?"

"Nimeolewa, somo. Mara moja, kama nilivyosema. Sirudii."

"Alhamdulillahi. Sasa unajisikiaje?"

Mize alifikiri. "Nina njaa," alisema. "Lakini si ya maua."

"Hiyo ndiyo yenyewe," alisema Bi Mashavu. "Una mayai mia ya kulea, hayakui kwa utamu wa maua. Ile taa unaiona? Ni nyumba ya Bi Kidawa. Mbele yake kuna nyingine, na nyingine. Watu wamekaa nje wanasimuliana hadithi, hawajaingia chandaruani. Twende taratibu, nikufunze na hili."

Hapo ndipo kisa changu kinapoishia, na mafunzo yake ni haya. La kwanza, watoto wasiwadanganye wakubwa, maana mwongo hafiki popote. Na huyu amefika hapa. La pili, mnyonge tumshangilie daima. Nimewaona mkimshangilia. Mlipoona Chura mzima anachukuliwa bwawani mlicheka mpaka mkashika mbavu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza ni nani sasa atakayewala mbu. Nami sikuuliza, siwalaumu. La tatu nimelisahau, kuna kitu kinanililia kwenye shingo.

Uongo wangu umetua.

Umetua wapi?

Shavuni kwa Bimkubwa, hapo kushoto. Mpige, lakini polepole. Ametoka harusini leo.